Meneja na Nyumba ya Maonyesho

Bado wapo watu hapa Kisumu wanaomsifu Meneja. Wanasema alikuwa na kichwa, kwamba aliishikilia ile hoteli ya kando ya ziwa miaka ambayo wenzake walifunga milango na kupiga mnada vitanda. Mimi nilikaa mapokezi ya hoteli hiyo tangu siku zake za neema hadi siku tulipokabidhi funguo, na wakianza kumsifu mbele yangu huwa natafuta sababu ya kuondoka. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kuuliza. Najua tu kwamba alikuwa mtu wa huku huku kwetu, Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko changu, na desturi zetu alizijua zote. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaomtetea hudai kwamba hakujua.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene iliyobanwa na tai hata katika lile joto la Kisumu la kabla ya mvua. Alijipaka mafuta ya nywele yaliyonukia hadi jikoni. Alipenda kusimama mlangoni, mikono nyuma, akiitazama barabara kana kwamba ameagiza watu na wamechelewa. Kila mtu alimwita Meneja, hata mkewe alipokuja kumtembelea. Nadhani hata akiwa peke yake alijiita hivyo.

Kila asubuhi alitupanga mstari ukumbini na kutuhubiria. Hubiri lilikuwa moja. Mgeni hanunui kitanda, alisema, mgeni ananunua kitu cha kwenda kusimulia kwao. Nilipolisikia mara ya kwanza niliona ni maneno ya mtu mwenye busara. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeelewa maana yake halisi, kwamba shuka inaweza kuwa na tundu na maji ya kuoga yanaweza kuwa baridi, mradi hadithi imekaa vizuri. Mabomba yalivuja miaka yote niliyokuwa pale. Kibao cha nje kilipakwa rangi kila mara.

Ngege, samaki ambaye kila mama sokoni anaye kwenye karai, aliandikwa kwenye orodha ya chakula kuwa ni samaki wa wafalme wa ziwa. Sisi wafalme hatukuwa nao. Mgeni mmoja akauliza ni wafalme gani hao, na Meneja, bila hata kukohoa, akamtaja mmoja aliyevaa shanga na kula peke yake kisiwani. Wiki iliyofuata mfalme huyo alishapata wake wengi na ngoma. Mwezi ulipokwisha alikuwa na kaburi, na Meneja aliwaonyesha wageni kisiwa kwa kidole, mbali huko kwenye ukungu, akiwaambia kwamba si ruhusa kukanyaga. Nilikuwa nikiona aibu, nikiinama na kujifanya natafuta funguo.

Kisha mambo yakaharibika. Petroli ilipanda bei, na makampuni ya Nairobi yaliyokuwa yakituletea watalii yakasema Kisumu ni mbali mno, heri watu wakaone simba halafu wateremke pwani. Baadaye nchi jirani zikagombana, mpaka ukafungwa, na meli zilizokuwa zikileta wasafiri kutoka ng'ambo ya ziwa zikaacha kuja. Vyumba vilikaa vitupu hadi buibui wakajenga kwenye makabati. Mama Akinyi, mjane aliyekuwa dobi wetu, alifua shuka ambazo hazikulaliwa, ili tu asionekane amekaa bure.

Mtu mwingine angepunguza bei au angeziba mabomba. Meneja alizidisha matangazo. Siku moja wakala wa safari alikuwa anakuja kutoka Nairobi kutukagua, na Meneja hakutaka aone ukumbi wa chakula hauna watu. Akatuvalisha nguo za wageni. Mimi nilipewa gauni la mkewe na kuambiwa kwamba mimi ni mke wa tajiri wa Kampala. Mpishi, akishapakua chakula, alitakiwa avue aproni, azunguke nyuma, aingie kwa mlango wa mbele akiwa daktari. Wakala akaketi na daktari huyo na kumweleza habari za magoti yake. Mpishi wetu, kijasho kikimtoka, akamshauri anywe supu ya samaki. Wakala alifurahi, akabeba vitabu vyetu vya matangazo, na hakutuletea hata mgeni mmoja. Lakini Meneja aliisimulia siku hiyo kwa miaka kama ushindi wake mkubwa. Kwake tangazo likipendeza kazi imekwisha, mgeni aje asije.

Sitaki nionekane namsingizia, kwa hiyo nitasema na hili. Hakumfukuza mtu kazi. Mwenye hoteli, aliyekaa Nairobi, alimwandikia mara nyingi apunguze watu, naye akajibu kwamba wageni wako njiani. Mtoto wa mpishi alipougua, Meneja mwenyewe alimpeleka hospitali kwa gari la hoteli, akakaa kwenye benchi la korido pamoja na mama wa mtoto hadi walipopewa kitanda. Mshahara ukichelewa aliingia jikoni, akatupikia ugali kwa mikono yake, akala mwisho. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningekuwa nimeshamsahau. Ninamdharau zaidi kwa sababu moyo alikuwa nao, na kila ulipogongana na tangazo aliuweka pembeni.

Sasa nije kwenye nyumba.

Katika mwaka ule mgumu kuliko yote, Meneja alipata wazo kwamba wageni watarudi wakionyeshwa boma halisi la Kijaluo. Nyuma ya hoteli, kwenye nyasi zinazoteremka hadi majini, akajengesha boma. Lilikuwa na nyumba ya udongo ya mviringo yenye paa la nyasi, ghala la nafaka, uzio wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe tunayozungushia maboma yetu, na lango. Hadi hapo sikuwa na neno. Watu wamejenga vitu vya ajabu zaidi kwa ajili ya wageni. Tatizo ni kwamba nyumba tupu haikumtosha. Alitaka watu ndani yake, na alitaka waingie kama watu wanavyoingia.

Kwetu, mtu hahamii boma jipya kama anayehamia chumba cha kupanga. Mwanamume huenda mapema na jogoo na shoka, mkewe nyuma amebeba moto. Mwanamke akishaingia na kuwasha moto ule, huyo ni mke wa nyumba hiyo, na hakuna anayehitaji kuuliza zaidi. Na mjane kwetu bado ni mke wa marehemu. Akiingia na moto katika nyumba ya mwanamume mwingine, ametoka kwa mumewe, na hata kuzikwa hazikwi tena huko. Mambo haya hayafundishwi shuleni kwa sababu kila mtu anayajua tangu utotoni. Meneja aliyajua.

Akamchukua Mzee Ogola, askari wetu wa getini, mgane mpole asiyeweza kumkatalia mtu, akampa shoka. Akanunua jogoo. Moto akampa Mama Akinyi.

Mama Akinyi alisita. Nilikuwepo. Meneja akamwambia kwamba shuka za kufua hazipo, kwamba mwenye hoteli anataka chumba cha dobi kifungwe, na kwamba hii ndiyo njia yake ya kumweka kazini. Akaongeza kwamba ni mchezo tu wa kuwafurahisha wazungu, mchana kweupe, na jioni kila mtu atakwenda kwake. Mama Akinyi alikuwa na nyumba ya marehemu mumewe kule Uyoma, karibu na Luanda Kotieno, na paa lake lilikuwa linaoza. Alifanya kazi mjini kwa sababu hiyo moja, aliezeke upya, arudi akaishi humo. Akalichukua kaa la moto kwenye kigae, akamfuata Mzee Ogola langoni, akawasha moto, na moshi ukatoka kwenye nyasi za paa. Wageni walikuwa wanne, wazee, na walipiga makofi.

Kama Meneja angeishia hapo, labda maneno yangepotea. Lakini alikuwa amemwalika mwandishi wa gazeti. Picha ikatoka, Mzee Ogola na shoka lake, Mama Akinyi na moto wake, na chini yake maelezo aliyoyatoa Meneja mwenyewe, kwamba mzee huyu na mkewe wamehamia nyumba mpya na wanawakaribisha wageni wa dunia nzima. Mwalimu mmoja wa Uyoma akamsomea shemeji yake Mama Akinyi, mdogo wa marehemu, gazeti hilo kwa sauti.

Shemeji alikuja Kisumu na wazee wawili. Alikuwa mtu mtaratibu, si mtu wa fujo. Hakumtukana Mama Akinyi, hata hakumwita. Aliomba kumwona aliyejenga. Kwa hesabu yake, mjane angeweza kukana ili ajiokoe, na Mzee Ogola vilevile, na mimi nilikuwa rafiki yao, lakini mwenye kujenga ndiye anayejua alijenga nini. Akiambiwa na huyo kwamba ilikuwa mchezo, wangerudi nyumbani na kuwaambia watu, na yangekwisha.

Meneja akawaketisha wazee wale bustanini na kuwaagizia chai. Halafu, mbele ya macho yangu, akaenda ukumbini akawaita wageni watoke na kamera zao. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba wazee wa ukoo wamekuja kuwabariki maharusi. Wageni wakatoka, wakawazunguka, wakapiga picha. Mzee mmoja, asiyejua Kiingereza, akadhani ni heshima na akanyoosha mgongo. Shemeji alikuwa amesoma kidogo, alielewa. Aliweka kikombe mezani bila kukinywa, akawaambia wenzake waondoke.

Tangu siku hiyo Mama Akinyi hakuwa na mahali pa kurudi. Salamu alizotuma Uyoma hazikujibiwa. Alipokwenda mwenyewe aliketishwa nje kama mgeni, akapewa maji, akasindikizwa. Akarudi kwa Meneja, na nakumbuka jinsi alivyosimama mbele ya meza yake bado ana povu la sabuni mikononi.

"Meneja, kuja tu siku moja useme ilikuwa mchezo," alisema. "Mimi sitaki kitu ingine kwako."

Meneja akamwonea huruma, nina hakika, kwa sababu aliinuka akamvutia kiti. Kisha akasema, "Mama, nikisema hivyo kule, kesho itafika hapa. Watalii wakijua ni mchezo, mimi nitauza nini?"

Aliendelea kumwomba. Alimwomba wakati wa Krismasi, alimwomba wakati wa mvua ndefu, na kila mara Meneja alimwambia asubiri msimu upite. Msimu gani, sikujua, kwa kuwa wageni waliokuja kuliona lile boma wangeweza kukaa wote kwenye sofa moja. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo. Aliuza nafasi ya mtu duniani, na hata wanunuzi hakupata.

Hoteli ilifungwa hata hivyo. Mzee Ogola alirudi kwao akafa. Boma liliharibiwa na mvua, na ng'ombe wakaukanyaga uzio uliobaki. Mama Akinyi alipanga chumba mtaani Migosi, akawa anapigia watu pasi. Mimi nilipata kazi katika duka la vitambaa huko Mamboleo, na kila Jumapili baada ya kanisa nilipita kwake. Habari yake ilikuwa ileile. Paa la Uyoma limetoboka, watu wanaotoka huko wamemwambia. Likianguka kabisa, ukoo utaigawa ile ardhi, na hapatakuwa na nyumba ya kumtetea.

Nilimwona Meneja tena Mamboleo, mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa juu ya ngazi, anachora kibao cha kihoteli cha chai na maandazi. Mafuta ya nywele yalikuwa yameisha lakini tai alikuwa nayo. Aliteremka akanisalimia kwa furaha, akaniuliza kama nadhani "Paradiso ya Wasafiri" ni jina zuri kwa mahali penye mabenchi mawili. Nilimwambia kwamba sasa hoteli haipo, watalii hawapo, hana cha kuuza tena, kwa hiyo aende Uyoma akaseme lile neno. Alikubali palepale. Alikubali hata kabla sijamaliza, na nakiri kwamba siku ile nilitaka kumsamehe.

Tulikwenda sisi watatu kwa lori la samaki lililokuwa linarudi Luanda Kotieno tupu. Mama Akinyi alibeba sukari, majani ya chai na mkate, na godoro lake limefungwa kwa kamba. Sikumwambia kwamba godoro ni mapema. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, na njiani alitaja majina ya watu atakaowasalimu.

Shemeji alitupokea. Aliweka viti nje ya nyumba yake, akawaita wazee, na majirani nao wakaja, kisha watoto na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wa omena, mpaka ua ukajaa. Ng'ambo ya ua ilionekana nyumba ya marehemu, paa limebonyea katikati. Mama Akinyi aliketi chini, hakuitazama.

Meneja alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alianza vizuri. Aliwasalimu wazee kwa mpangilio, akatoa pole kwa muda uliopita. Halafu akatazama huku na huku, akaona nyuso zote zile zimemwelekea, na nikamwona anavuta pumzi jinsi alivyokuwa akifanya ukumbini asubuhi. Akaanza kueleza. Alieleza jinsi alivyowatafuta mafundi wa kweli, jinsi nyasi zilivyotolewa Nyakach, jinsi lango lilivyotazama upande unaotakiwa. Alieleza kuhusu wageni waliovuka bahari ili kuiona. Watoto walikuwa wamefungua vinywa. Nilimvuta koti, hakusikia.

Shemeji akamwacha mpaka akamaliza. Kisha akasema polepole, "Bwana, mimi nauliza kitu moja tu. Ile ilikuwa nyumba, ama ilikuwa mchezo?"

Mama Akinyi aliinua uso. Neno lilikuwa hapo, mtoto wa darasa la kwanza angelisema. Meneja alimtazama Mama Akinyi, akawatazama watu, na nikaona kwamba anaumia kweli.

"Mzee," alisema, "mimi siwezi kuita kazi yangu mchezo. Ile ilikuwa nyumba."

Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakachukua viti vyao. Shemeji alimshukuru Meneja kwa kufika, akamwambia Mama Akinyi kwa adabu kubwa kwamba lori huondoka kabla jua halijazama, asije akalikosa. Mama Akinyi akawagawia watoto mkate. Akaliinua godoro lake kichwani mwenyewe, akakataa nimsaidie.

Tulisubiri ufukoni. Meneja alikuwa mchangamfu, akasema watu wa hapa wanajua kusikiliza. Nilikuwa natafuta tusi la kutosha, sikulipata. Mama Akinyi ndiye aliyezungumza, na hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Meneja, sasa mimi nikikufa, nitazikwa wapi?"

Meneja akamgeukia kwa uso ule mwema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," alisema. "Nafasi haikosi."

Lori lilipokuja tulipakia godoro, mimi na Mama Akinyi tukapanda. Nilimwambia dereva kwamba tuko wawili tu.